Biashara ya Kijamii Nairobi: Namna ya Kuchagua Sura ya Kisheria Kabla ya Kujaza Fomu

Mwaka wa tatu wa kikundi chetu cha kusaga plastiki pale Kariobangi, mwenyekiti wetu alifariki. Tulikuwa watu kumi na wanne, lakini kwenye karatasi biashara ilikuwa ya mtu mmoja. Siku za mwanzo tulikuwa tumesajili jina la biashara kwa kitambulisho chake peke yake, kwa kuwa ndiyo njia iliyokuwa rahisi na ya haraka. Alipofariki, benki ilifunga akaunti. Risiti ya mashine ilikuwa na jina lake. Familia yake haikuwa na nia mbaya hata kidogo. Sheria ndiyo iliyohesabu vyote kuwa sehemu ya urithi. Ikabidi kungoja kesi ya mirathi, tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali, siku 30 za pingamizi, halafu hati ya mahakama. Miezi yote hiyo mashine haikusaga chupa hata moja, na akina mama waliokuwa wakituletea mizigo kutoka Dandora walitafuta wanunuzi wengine. Walikuwa na watoto wa kulisha, wangengojea nini?

Tangu wakati huo nimeketi na vikundi vingi vya Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, vikiniuliza: “Tujisajili kama nini?” Kila mara nawaomba waweke fomu kando kwanza, tuzungumze habari ya mali. Mwongozo huu unafuata mpangilio huohuo.

Jambo la kujua tangu mwanzo ni kwamba Kenya haina sheria maalumu ya biashara ya kijamii, yaani biashara inayouza ili itimize lengo la jamii. Uingereza tangu 2005 ina aina ya kampuni iliyoundwa kwa kazi hii, ambayo mali yake imefungwa isigeuzwe kuwa ya watu binafsi. Sisi tunatumia sura zilizopo, yaani aina za usajili, zilizotungwa kwa ajili ya wafanyabiashara, wakulima wa ushirika au mashirika ya misaada, kisha tunazirekebisha zitutoshe. Inawezekana, na watu wanafanya hivyo kila siku. Ila hakuna atakayekufanyia marekebisho hayo usipoyafanya mwenyewe.

Hatua ya 1: Jibuni maswali matatu kwa maandishi

Kaeni pamoja, wote, wala si viongozi peke yao. Chukueni daftari. Andikeni majibu ya maswali haya, na kila mmoja atie sahihi.

Nani anaamua? Je, kila mtu ana kura moja, au aliyeleta pesa nyingi ana sauti kubwa zaidi?

Faida ikipatikana, inakwenda wapi? Kwa wanachama, kwa wawekezaji, au inarudi yote kazini?

Na tukifunga kesho, mashine, pesa za benki na jina vinabaki kwa nani?

Swali la tatu ndilo linalozua kimya. Nimeona vikundi vilivyoishi kwa amani miaka mitano vikikosa jibu la pamoja. Mmoja anasema mali ni ya jamii, mwingine anahesabu michango yake ya kila wiki na anataka irudi. Wote wawili wana haki ya kusema hivyo, maana hawakuwahi kuulizwa. Msiende mbele kabla hamjakubaliana, hata kama itawachukua vikao vitatu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lenyewe ndilo hilo mnaloanza siku hii.

Hatua ya 2: Fuateni pesa za miaka mitatu ijayo

Andikeni pesa zitatoka wapi: mauzo, michango ya wanachama, mikopo, ruzuku za wafadhili, au mwekezaji anayetaka kumiliki sehemu. Msiandike mnachotamani. Andikeni mlicho na sababu ya kukitarajia.

Mara nyingi hatua hii humaliza nusu ya mjadala. Mwekezaji anayetaka hisa hawezi kuingia mahali pasipo na hisa. Mfadhili wa misaada, kwa upande wake, husita kuipa ruzuku kampuni inayoweza kugawa faida kwa wenyewe. Nayo michango ya wanachama inahitaji chombo kinachomtambua kila mwanachama kwa jina na kwa kiasi alichotoa. Ikiwa asilimia tisini ya pesa zenu itatokana na mauzo, msijisajili kama shirika la misaada kwa sababu tu mmesikia kuna ruzuku mahali. Mtabeba mzigo wa taarifa na ukaguzi kwa ajili ya pesa ambazo huenda zisije.

Hatua ya 3: Zifahamu sura zilizopo

Jina la biashara ndilo la bei nafuu na la haraka. Lakini jina si mtu mbele ya sheria. Deni la biashara ni deni lako, na mali ya biashara ni mali yako, hadi kaburini na baada yake. Linamfaa mtu anayejaribu wazo peke yake kwa miezi kadhaa. Kwa kikundi, nimekwisha kueleza yaliyotupata.

Kikundi cha jamii husajiliwa chini ya sheria ya usajili wa vikundi vya jamii ya 2022, kupitia ofisi za maendeleo ya jamii. Mnahitaji watu wasiopungua kumi, katiba, kumbukumbu za kikao cha kuanzisha na orodha ya wanachama. Chama chochote cha mtaani kinaweza kuanzia hapa, na kwa kuweka akiba, kufungua akaunti ya kikundi na kupata mikopo midogo panatosha kabisa. Tatizo huja kazi inapokua. Mnunuzi mkubwa wa Industrial Area anataka mkataba na kampuni, na mkopeshaji anataka hesabu zilizokaguliwa. Kikundi ni pa kuanzia, na hakuna aibu kuanzia hapo, ila jueni mapema ni dalili gani zitawaambia kwamba muda wa kuhama umefika.

Ushirika, kwa maoni yangu, ndiyo sura inayosahaulika sana mjini. Watu wakisikia ushirika wanafikiria kahawa ya Nyeri na maziwa ya Kiambu, au sacco (ushirika wa akiba na mikopo) ya matatu. Lakini wakusanyaji taka, mafundi cherehani na wapishi wa shule wanaweza kuwa na ushirika wao. Sheria ya vyama vya ushirika inahitaji watu kumi au zaidi waliofikisha miaka 18. Kila mwanachama ana kura moja bila kujali hisa zake, na hakuna mtu binafsi anayeruhusiwa kushika zaidi ya moja ya tano ya hisa zote. Ziada inaweza kugawanywa kulingana na kazi au mizigo ambayo kila mmoja ameleta. Kwa mama anayebeba magunia kutoka Korogocho, hiyo ina maana kwamba bei ya chupa siyo mwisho wa malipo yake. Mwaka ukiisha anarudishiwa sehemu ya ziada kwa kadiri ya kilo zake. Mtaanzia kwa afisa wa ushirika wa kaunti, atakayewafundisha na kuwaongoza kuandaa sheria ndogondogo na andiko la kuonyesha kwamba biashara inaweza kujisimamia. Ugumu ni mmoja: mwekezaji wa nje anayetaka sauti kulingana na pesa zake hatavutiwa. Kama hilo haliwahusu, uangalieni ushirika kwa makini kabla ya kuupita.

Kampuni ya hisa iko chini ya Sheria ya Kampuni ya 2015. Mtu mmoja anatosha kuianzisha, na kampuni binafsi haizidi wanachama 50. Kampuni ni mtu kamili kisheria: inamiliki mali, inashtaki na kushtakiwa, na mwenyekiti akifariki, kampuni haifariki. Deni lake kwa kawaida haliwafuati wanahisa nyumbani, isipokuwa pale mtu alipotia sahihi ya udhamini wake binafsi, jambo ambalo benki hupenda kuliomba. Kama ninyi ni vijana, wanawake au watu wenye ulemavu, kampuni yenu inaweza kuomba cheti cha AGPO, ule mpango unaowatengea asilimia 30 ya zabuni za serikali; kikundi husika kiwe na angalau asilimia 70 ya umiliki. Udhaifu wake ni kwamba, ikiachwa ilivyo, kampuni ya hisa ni ya wenye hisa. Hakuna kinachomzuia mwenye hisa nyingi kuiuza. Dawa yake iko kwenye hatua ya nne.

Kampuni ya dhamana inafanana na hiyo lakini haina hisa. Wanachama wake huahidi kiasi fulani, mara nyingi kidogo, watakachochangia kampuni ikivunjwa ikiwa na madeni. Kwa kuwa hakuna hisa, hakuna cha kuuza wala cha kurithi. Huweza kuuza bidhaa na kupata faida, ila faida inarudi kazini ikiwa katiba yake imesema hivyo. Inafaa kwa kituo cha mafunzo, maktaba ya mtaa, au kazi inayochanganya ruzuku na mauzo. Usajili wake kwa kawaida huchukua muda mrefu kuliko wa kampuni ya hisa, basi msiuanze wiki moja kabla ya tarehe ya mwisho ya mfadhili.

Shirika la manufaa ya umma, au PBO, ndilo lililochukua nafasi ya NGO. Sheria yake ilipitishwa 2013 lakini ilianza kutumika tarehe 14 Mei 2024, ikaifuta ile ya 1990. Wengi hawajui kwamba PBO inaruhusiwa kufanya biashara halali, mradi mapato yote yatumike kwa lengo la umma. Wengi pia hawajui kwamba sheria hiyo inaviweka nje vyama vya ushirika, sacco, na vikundi vya jamii ambavyo lengo lake ni pamoja na kuwanufaisha wanachama wake moja kwa moja. Kwa hiyo kikundi kinachogawa faida kwa wanachama hakiwezi kujiita PBO kwa kubadilisha maneno kwenye fomu.

Wakfu, unaosimamiwa na wadhamini, unafaa zaidi kulinda ardhi au jengo kwa vizazi kuliko kuendesha biashara ya kila siku. Vyama vya kijamii vilivyo chini ya Msajili wa Vyama nitavipita. Kwa biashara sijaona kikundi kilichonufaika navyo kuliko sura nilizotaja.

Hatua ya 4: Fungeni lengo ndani ya katiba ya kampuni

Mkiishia kwenye kampuni, kazi yenu kubwa ni hii. Wengi huchukua katiba ya mfano inayotolewa na serikali, wakaitia sahihi bila kuisoma. Katiba hiyo ni nzuri kwa duka la simu. Haisemi lolote kuhusu jamii.

Ongezeni vifungu vitano, kwa lugha ambayo kila mwanachama ataielewa akisomewa kwa Kiswahili. Kwanza, lengo: kampuni ipo kwa ajili ya nani na kwa kazi gani. Pili, mgao wa faida: wekeni kikomo, kwa mfano kwamba angalau theluthi mbili ya faida hubaki kazini. Tatu, uuzaji wa hisa: anayetoka awauzie waliobaki kwanza, kwa bei itakayopatikana kwa njia mliyoandika mapema. Nne, kifo: hisa za marehemu zinunuliwe na kampuni au wanachama, na familia ilipwe ndani ya muda maalumu. Familia ya marehemu ina haki ya pesa, na msiiandikie masharti ya kuidhulumu. Tano, kuvunjwa: mali inayobaki iende kwa shirika lenye lengo kama lenu.

Katiba hubadilishwa kwa azimio maalumu la angalau asilimia 75 ya kura. Hii ina maana kwamba mwenye hisa 80 kati ya 100 anaweza kufuta vifungu vyote mlivyoandika kwa uchungu. Sheria inaruhusu kukaza baadhi ya vifungu ili visibadilishwe bila masharti magumu zaidi. Mwombeni wakili afanye hivyo tangu siku ya kuanzisha, wakati mnapendana. Njia nyingine ni kutoa hisa moja ya ulinzi kwa ushirika wa wakusanyaji au kampuni ya dhamana, hisa isiyopata mgao wowote ila yenye uwezo wa kuzuia mabadiliko ya vifungu hivyo. Kazi hii inahitaji wakili. Kama pesa zenu zinatosha kumlipia wakili kazi moja tu katika safari hii yote, mlipieni hii.

Hatua ya 5: Kabla ya kuunda vyombo viwili, hesabuni watu mlio nao

Mtasikia ushauri wa kuwa na kampuni ya hisa kwa mauzo na shirika la misaada kwa ruzuku. Sanergy, inayojulikana Mukuru kwa vyoo vya Fresh Life, ilijengwa hivyo: upande usio wa faida ukishughulikia vyoo mitaani, na upande wa kampuni ukigeuza taka kuwa mbolea na chakula cha mifugo. Kwa kazi ya ukubwa huo mgawanyo huo una mantiki.

Lakini vyombo viwili ni bodi mbili, akaunti mbili, hesabu mbili, taarifa mbili kila mwaka. Na hatari kubwa ni pesa kuvuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine bila karatasi. Ruzuku iliyotolewa kwa mafunzo ikinunua mafuta ya lori la kampuni, hiyo ni matumizi mabaya, hata kama lori lilibeba wanafunzi. Mkiamua kwenda njia hii, kuwe na mkataba wa maandishi kati ya vyombo hivyo viwili unaotaja huduma na bei, na walau baadhi ya wajumbe wa bodi wawe tofauti. Kikundi chenye mhasibu mmoja wa muda kisijaribu. Chagueni sura moja, ifanye kazi miaka miwili, kisha mtazame tena.

Hatua ya 6: Pigeni hesabu ya kodi mapema

Kuna imani mtaani kwamba kazi ya jamii haitozwi kodi. Si kweli. Msamaha wa kodi ya mapato haupatikani kwa kuwa na moyo mzuri wala kwa kujiita shirika lisilo la faida. Huombwa kwa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, hutolewa kwa maandishi na huwa na muda wake, kisha huombwa upya. Na hata mwenye msamaha, faida yake ya biashara husamehewa tu ikitumika yote kwa lengo lake, na biashara yenyewe iwe ni sehemu ya kutekeleza lengo hilo, au kazi yake ifanywe hasa na walengwa wenyewe. Pato la kupangisha ardhi au nyumba nalo husamehewa, mradi litumike lote kwa lengo hilo. Kwa mfano, shule ya ushonaji inayouza nguo zilizoshonwa na wanafunzi wake ina hoja. Shule hiyohiyo ikifungua duka la vifaa vya ujenzi ili kupata pesa, hoja hiyo inadhoofika.

Kampuni ya kawaida hulipa asilimia 30 ya faida. Kwa mauzo kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka kuna kodi ya mauzo ya asilimia 3, na hapa vikundi vyenye faida ndogo huumia bila kujua. Chukua kikundi kilichouza plastiki ya Ksh 2,400,000 kwa mwaka na kutumia Ksh 2,300,000. Kwa kodi ya mauzo kinalipa Ksh 72,000. Kwa kodi ya kawaida ya kampuni kingelipa asilimia 30 ya faida ya Ksh 100,000, yaani Ksh 30,000. Sheria inawaruhusu kumwandikia Kamishna wa KRA kwamba hamtaki kodi ya mauzo, mkabaki kwenye ile ya faida. Lakini basi lazima muwe na vitabu na risiti za kila gharama. Mauzo yakifika milioni 5 kwa mwaka, jiandaeni pia kwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani.

Hatua ya 7: Sasa fungueni eCitizen

Kwa kampuni, ingieni eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwenye sehemu ya BRS, idara ya usajili wa biashara. Tafuteni jina kwanza, mkiwa na majina matatu au manne mkononi, maana lile mlilolipenda huenda lina mwenyewe. Jina likikubaliwa huhifadhiwa siku 30. Andaeni vitambulisho, PIN (namba za mlipa kodi) za KRA, picha, anwani, simu na barua pepe za kila mkurugenzi na mwanahisa. Mtu asiye na PIN au barua pepe ndiye huwachelewesha wengine wote, na mara nyingi huyo ni mama mzee mwenye busara kuliko ninyi. Mpelekeni Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, ya Makadara au GPO mapema, apate PIN, badala ya kumtoa kwenye orodha kwa sababu ya usumbufu. Nimeona waasisi wakipoteza umiliki wao kwa njia hiyo, bila mtu yeyote kukusudia.

Mfumo utatoa fomu za kutia sahihi, pamoja na ile ya kuwataja watu wanaoimiliki au kuidhibiti kampuni hasa. Ijazeni kwa ukweli. Katibu wa kampuni aliyesajiliwa si lazima kwa kampuni binafsi ambayo mtaji wake uliolipwa haujafika shilingi milioni 5, kwa hiyo msitozwe pesa kwa ajili hiyo na dalali yeyote. Kabla ya kubonyeza kitufe cha mwisho, hakikisheni kwamba katiba inayopakiwa ni ile mliyoiandika wenyewe.

Hatua ya 8: Wiki ya kwanza baada ya cheti

Watu hupiga picha na cheti, wakarudi kazini kama kawaida. Wiki hiyo ina kazi nyingi kuliko zote.

Fungueni akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu. Ombeni CR12, hati rasmi inayoorodhesha wakurugenzi na wanahisa, na mthibitishe kwamba majina na hisa ni zile mlizokubaliana. Chukueni kibali cha biashara cha Kaunti ya Nairobi, na kama mnabeba au kusindika taka, leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Wekeni kwenye kalenda tarehe ya ritani (taarifa ya kodi ya mwaka) ya KRA, miezi sita baada ya mwaka wa hesabu kuisha, hata kama hamjauza kitu. Kampuni ikichelewa, faini huanzia Ksh 20,000. Wekeni pia tarehe ya taarifa ya mwaka kwa Msajili wa Kampuni.

Kisha fanyeni kikao cha kwanza cha bodi, na ajenda iwe moja: mali. Leteni risiti zote. Mashine, mizani, mkokoteni, namba ya paybill, mkataba wa pango la kibanda, hata laini ya simu inayopokea oda za wateja. Kila kilicho na jina la mtu kihamishwe kwa hati ya mauziano au ya kukabidhi, yenye sahihi yake, ya mkurugenzi na ya mashahidi wawili, pamoja na kiasi atakacholipwa ikiwa alikinunua kwa pesa zake. Nakala moja ibaki naye nyumbani, mahali ambapo mke, mume au watoto wake wanaweza kuiona.